Mapigo Mia Moja Sabini na Mawili

Mutunga amekaa katika kibanda kilekile cha soko la Jericho tangu mwaka wa 1991, na muda huo wote kazi yake imekuwa moja, kutengeneza saa. Kibanda chenyewe hakizidi upana wa meza. Juu ya meza kuna taa ya shingo ndefu, kioo cha kukuzia anachokifunga jichoni kwa waya, na kisahani cha chai anamoweka skrubu ndogo ambazo mtu akipiga chafya hazionekani tena. Siku hizi wateja wengi huja kubadilisha betri au kukata mkanda. Anapomkatia mtu mkanda, humwomba anyooshe mkono, kisha hupitisha kidole chake kidogo kati ya mkanda na ngozi. Kidole kikipita, kazi imekwisha. Alifundishwa hivyo na mzee aliyemfunza ufundi: saa iliyobana hunywa jasho, na jasho hula chuma.

Ana miaka hamsini na minane. Mke wake yuko Mwala, analima. Yeye anaishi Jericho na binti yao Kavinya, karani katika ofisi moja ya Industrial Area, kwenye nyumba ya kaunti yenye vyumba viwili na chumba kidogo cha mabati walichoongeza nyuma.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, Mutunga hukimbia. Kuna kikundi cha watu wapatao ishirini wanaokutana karibu na lango la soko saa kumi na moja na nusu. Hutokea Barabara ya Rabai, wakapita Buruburu hadi Outer Ring, wakaingia Umoja na kurudi. Wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la mbele hukimbia kila kilomita kwa dakika sita, na fungu la nyuma kwa dakika saba. Kila fungu lina mtu mmoja anayetangulia na kushika mwendo, ili wengine wasiende kasi mwanzoni wakaishiwa na nguvu njiani. Kwa miaka kumi na minne anayeshika mwendo wa dakika sita amekuwa Mutunga.

Hajawahi kuvaa saa akikimbia. Huhesabu hatua. Mguu wake wa kulia hugusa ardhi mara themanini na sita kwa dakika, na akishaupata mwendo huo haupotezi, hata akiwa anasalimia watu. Vijana wenye saa za bei walimpima mara nyingi mwanzoni, wakaacha.

Mwezi wa Machi alipata kizunguzungu akiwa Umoja. Alikaa juu ya kizingiti cha duka mpaka kikapita, akarudi nyumbani kwa miguu, na hakusema neno. Aliyesema ni Luseno, kijana wa ghala katika kiwanda cha sabuni, anayekimbia nyuma yake kila Jumapili. Alimwambia Kavinya. Kavinya akampeleka baba yake kliniki Buruburu.

Daktari, mwanamke mdogo mwenye sauti ya chini, alimpima presha, akamtembeza juu ya mashine, akamwandikia dawa. Kisha akasema kukimbia si kosa, ila moyo usipite mapigo mia moja arobaini kwa dakika. Ukipita, atembee.

"Utajuaje umepita?" daktari akauliza. "Una saa?"

"Ninazo sitini na tatu," Mutunga akasema. "Zote za watu."

Daktari alicheka kidogo, akaeleza kwamba kuna saa za mkononi zinazosoma mapigo ya moyo kwa mwanga kupitia ngozi. Ndiyo aliyomaanisha.

Wakiwa njiani kurudi, Kavinya alitoa sharti. Atamnunulia baba yake saa ya namna hiyo, baba mwenyewe achague, lakini saa ikionyesha kwamba mwendo wa dakika sita unamvusha mia moja arobaini, aache kuongoza. Mbio kubwa za mjini zilikuwa mwezi wa Oktoba, kilomita arobaini na mbili, na kikundi kilikuwa kimeshamwandikisha Mutunga kama kiongozi wa fungu la mbele.

"Saa ikisema, imesema," Mutunga akajibu.

Kwa mtu wa kazi yake halikuwa jibu la kupoza. Hakuwa amewahi kubishana na saa inayofanya kazi.

Waliamua ajaribu kwanza. Kavinya alikuwa na saa janja, ya zile zenye uso wa kioo kama simu, zinazopokea simu kwa laini yake, kusoma ujumbe na kujua mtu ameanguka. Alikuwa ameinunua miaka mitatu iliyopita. Luseno alikuwa na saa ya mbio. Hiyo ilikuwa nene zaidi, ya plastiki, yenye vitufe vitano pembeni na uso mkavu usiong'aa. Haikujua kupiga simu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kilomita, mwendo na moyo, na chaji yake ilikaa wiki mbili. Mutunga angevaa moja Jumapili hii na nyingine Jumapili ijayo.

"Chukua yangu, Baba," Kavinya alisema. "Ikiona moyo umepanda itaniletea habari kwa simu hata kama niko jikoni."

"Huo ndio ubaya wake," Mutunga akasema.

"Huo ndio uzuri wake."

Jumapili ya kwanza alivaa saa janja. Aliufunga mkanda kama anavyowafungia wateja, kidole kikapita. Walipofika mzunguko wa Buruburu ilianza kutetema. Aliitazama. Ilikuwa imeandika 172 kwa rangi nyekundu. Alijaribu kuizima kwa kidole, lakini kidole kilikuwa na jasho na kioo hakikumsikia. Akaanza kutembea. Fungu zima likasimama nyuma yake.

"Mzee, nini?" Luseno akauliza.

"Inasema mia moja sabini na mbili."

"Wueh! Hiyo moyo inakimbia kushinda sisi wote. Keti, buda, keti hapo."

Alipotembea nambari ilishuka hadi mia moja na kumi. Dakika kumi baadaye Kavinya alifika kwa bodaboda akiwa na kandambili mguu mmoja na kiatu cha kanisani mguu wa pili. Alilipa bodaboda bila kungoja chenji, akamshika baba yake mkono, na hakuna aliyetania mpaka waliporudi Jericho.

Jumapili ya pili alivaa saa ya Luseno. Kidole kikapita tena. Saa hii haikutetema wala kumwita mtu. Kilomita ya tatu aliitazama mwenyewe, akaona 172. Akatembea. Ikashuka hadi mia moja na kumi.

Mafundi wa saa wa zamani wana kanuni. Mteja akileta saa na kusema inapotea, usiipime kwa saa moja, kwa sababu huenda hiyo nyingine ndiyo mbovu. Ipime kwa saa mbili. Mbili zikikubaliana, hizo ndizo kweli, na iliyo mkononi mwako ndiyo yenye kasoro. Mutunga alikuwa ameitumia kanuni hiyo miaka thelathini na zaidi, na haikuwahi kumtupa. Sasa saa mbili, za viwanda viwili, moja ya kijanja na moja ya kijinga, zilikuwa zimekubaliana. Kilichobaki ni yeye.

Siku hiyohiyo, baada ya ibada, alimwambia Luseno ashike mwendo wa dakika sita.

"Mimi? Mzee, mimi nitawaua hawa watu. Mimi najua tu kuenda."

"Utajifunza."

"Na Oktoba?"

"Ni yako."

Luseno hakufurahi. Alisimama akiangalia viatu vyake, kisha akasema sawa. Kavinya alipika pilau jioni hiyo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake Jumapili, na walikula bila kuzungumza habari za mbio.

Jirani wa Mutunga sokoni ni Rispa, muuzaji wa mapazia ya mtumba, mama mwenye umri wa miaka arobaini hivi kutoka Bungoma. Vibanda vyao vinatenganishwa na ubao mmoja, na Rispa huzungumza kupitia ubao huo kutwa nzima, awe na mteja au asiwe naye. Jumatano alimsikia Mutunga ametulia mno.

"Fundi, nimeambiwa moyo wako ni wa gari la moshi."

"Umeambiwa na nani?"

"Soko nzima inajua. Wanasema ni mia na sabini na ngapi?"

"Na mbili."

"Siku zote mbili?"

"Siku zote mbili."

"Na pale kwa daraja la Donholm, kwa kupanda, ulifika ngapi?"

"Sikufika Donholm. Nilisimama Buruburu."

"Si kabla ya kufika Buruburu kuna kale kamlima? Mimi nikipanda hapo na gunia la mapazia, moyo wangu unataka kutokea mdomoni. Wako unakaa palepale tu, kwa mlima na kwa tambarare? Basi huo si moyo, ni jiwe."

Rispa alikuwa anatania, na mara moja akageukia mteja aliyetaka pazia la maua. Mutunga alibaki na kibano mkononi. Jumapili zote mbili, baada ya kurudi, alikuwa amezipitia nambari zilizohifadhiwa ndani ya saa, za kwenye kamlima na za baada yake. Nambari haikupanda wala kushuka. Ilikaa mia moja sabini na mbili. Saa inayokwenda haikai palepale, hiyo alijua. Halafu akaigawanya nambari kwa mbili, akapata themanini na sita.

Saa ya Luseno ilikuwa bado kwenye droo, ikimngojea mwenyewe aje kuichukua. Mutunga aliivaa, kidole kikapita, akatoka nje ya kibanda na kuanza kukimbia palepale aliposimama, katikati ya njia ya soko, amevaa koti lake la buluu la kazi na kile kioo bado kimefungwa kichwani.

"Rispa!"

"Eeh? Yesu! Fundi, umepatwa na nini?"

"Njoo unisomee hii saa. Usiulize."

Rispa alikuja na pazia begani. Watu wawili waliokuwa wanapita na gunia la viazi walisimama kuangalia.

"Imeandika mia moja sabini na mbili," Rispa akasema. "Baba Kavinya, keti chini. Nitamwambia nini huyo mtoto?"

Mutunga hakuketi. Aliweka vidole viwili shingoni, na mkono wa pili akashika saa ya mteja, ya kutia ufunguo, yenye mshale wa sekunde. Akahesabu mapigo kwa robo dakika, miguu ikiendelea kwenda.

"Ishirini na tisa," akasema. Akapumua. "Mara nne ni mia moja kumi na sita. Saa inasemaje sasa?"

"Mia moja sabini na mbili."

Akapunguza miguu. "Sasa?"

"Mia sitini... mia na hamsini na nne. Inashuka."

Akaongeza miguu.

"Inapanda! Ai, fundi, hii kitu inakufuata kama mbwa."

"Haihesabu moyo," Mutunga akasema. "Inahesabu miguu."

Aliingia kibandani, akakaa, akaigeuza saa. Mgongoni kulikuwa na nukta za mwanga wa kijani. Mwanga ule ulitakiwa kulala juu ya ngozi. Kwa nafasi ya kidole alichoiachia, kila hatua iliirusha saa juu na kuishusha, na ile dhoruba ndogo ndiyo iliyokuwa ikisomwa. Saa zote mbili zilikuwa zimekubaliana kwa sababu zote mbili zilikuwa zimefungwa na mtu mmoja. Aliusogeza mkanda juu ya mfupa wa kifundo cha mkono na kuukaza matundu mawili mpaka ngozi ikaumuka pembeni. Hakuwahi kufunga saa hivyo maishani mwake. Akatoka nje, akakimbia tena. Mia moja kumi na tano. Mia moja kumi na saba.

Mmoja wa wale wenye viazi akapiga makofi. "Mzee amefufuka!"

Kavinya hakupiga makofi. Alimsikiliza baba yake jioni hiyo mpaka mwisho, akiwa amesimama na sufuria.

"Baba, unatafuta njia."

"Ninatafuta nambari."

"Umekimbia sokoni dakika tano, bila kwenda popote. Huo si mwendo wa dakika sita. Oktoba ni zaidi ya masaa manne."

Hilo lilikuwa kweli, na Mutunga alilikubali. Waliafikiana kwamba Jumapili inayofuata, ambayo kikundi kilipanga kilomita thelathini na mbili, aongoze mara moja. Avae saa zote mbili, kila mkono yake, zimekazwa. Baada ya hapo atachagua moja, na jambo la kuongoza litakuwa limeamuliwa.

Luseno alifurahi kuliko wote. "Karibu ofisini, mzee. Wiki hii nililala vibaya, naota watu wananikimbiza na stopwatch."

Walitoka kungali giza. Saa janja ilikuwa mkono wa kushoto, saa ya mbio mkono wa kulia. Nambari zilikuwa zinakaribiana: mia moja ishirini na nane upande huu, mia moja thelathini upande ule. Kwenye daraja la Donholm zilipanda, zikashuka baada yake, kama ipasavyo. Kilomita ya kumi na tano, mia moja thelathini na tatu. Mutunga alishika mwendo wake na watu wakashika nyuma yake, na vishindo vya miguu yao vilikuwa sauti moja.

Saa janja ilikuwa na mambo mengi. Karibu na Mutindwa ililia kwa simu ya shemasi aliyempigia Kavinya kutaka kujua nani atabeba spika za kwaya. Mutunga alijaribu kuikata, kidole chenye jasho kikaipokea, shemasi akaongea mwenyewe nusu kilomita nzima, na fungu lote likamsikia.

"Mwambie tunakuja na spika mgongoni," Luseno akasema.

"Nani huyo?" shemasi akauliza kutoka kwenye mkono wa Mutunga.

Kilomita ya ishirini na mbili iliandika kwamba chaji imebaki asilimia sita. Kilomita ya ishirini na tatu uso wake ukawa mweusi. Betri ya miaka mitatu, ikisoma moyo na setilaiti na kumbeba shemasi, ilikuwa imefika mwisho wake. Kuanzia hapo simu ya Kavinya haikuwa na habari yoyote.

Saa ya mkono wa kulia iliendelea. Kilomita ya ishirini na nne Mutunga aliitazama, ikasema mia moja thelathini na tisa. Hawakuwa wakipanda. Mwendo ulikuwa uleule. Kilomita ya ishirini na tano, mia moja arobaini na mbili. Aliweka vidole shingoni akihesabu kwa ile sekunde ya kwenye saa, akapata thelathini na sita kwa robo dakika. Mara nne ni mia moja arobaini na nne. Shingo na saa zilikuwa zinasema kitu kimoja, au karibu.

Hakuwa na kizunguzungu. Miguu ilikuwa myepesi. Nyuma yake hakuna aliyejua, na saa ambayo ingemwambia binti yake ilikuwa imekufa mkono wa kushoto. Zilibaki kilomita saba, dakika arobaini na mbili.

Alikimbia mita nyingine mia mbili hivi. Kisha akasogea kando ya barabara.

"Luseno. Chukua mbele."

"Mzee?"

"Chukua. Usiangalie nyuma, utapoteza mwendo."

Fungu lilimpita mmoja mmoja. Wengine walimgusa bega. Alitembea kilomita mbili, nambari ikashuka, akajaribu kukimbia polepole, ikakaa mia moja thelathini na moja, na hivyo ndivyo alivyorudi Jericho, peke yake, jua likiwa limeshapanda na wauza mandazi wamefungua.

Kavinya alikuwa ameketi juu ya ngazi ya mlango, simu mkononi. Kikundi kilikuwa kimepita dakika kumi na tano mapema bila Mutunga.

"Saa ilizima," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Ilizima, Baba, na mimi sikujua kama ni saa au ni wewe."

"Ilikuwa saa." Mutunga aliketi kando yake, akaanza kufungua mikanda. Mikono yote miwili ilikuwa na alama nyekundu. "Mia moja arobaini na mbili, kilomita ya ishirini na tano. Shingo ilisema na nne. Nimemwachia Luseno."

Kavinya aliiweka simu kando. Kisha akauliza, "Kabisa ama leo tu?"

"Mwendo wa dakika sita, kabisa. Nitaenda na wale wa dakika saba, kama watanitaka."

"Na saa?"

Akamwekea saa ya mbio juu ya goti. "Ya namna hii. Ina vitufe, haijali jasho, na haizimi kabla ya mtu."

"Hii haitaniambia chochote."

"Haitakuambia."

"Basi nitajuaje, Baba?"

"Nitakuambia mimi. Kama leo."

Kavinya aliishika ile saa, akabonyeza kitufe kimoja, kingine, akaona safu ya mapigo ya asubuhi nzima, kilomita kwa kilomita. Aliisoma mpaka ya ishirini na tano. Akaisoma tena, akamrudishia.

Alimnunulia ya namna hiyo mwisho wa mwezi. Jumapili iliyofuata Mutunga alisimama nyuma, pamoja na akina mama watano wa kanisa, fundi bomba mwenye tumbo, na mwalimu mstaafu.

"Mzee Mutunga, umepotea njia?" fundi bomba akauliza. "Wenzako wako huko mbele."

"Wako mbele," Mutunga akakubali.

Fungu la Luseno lilitoka kwanza, kasi kidogo kuliko ilivyofaa, likapinda kona ya Barabara ya Rabai na kutoweka. Akina mama walikuwa bado wanafunga kamba za viatu. Mmoja aliuliza kama Oktoba atakuwa nao pia, kwa sababu yeye hajawahi kufika kilomita arobaini na mbili na anaogopa. Mutunga akasema atakuwa nao.

Aliporudi nyumbani Kavinya alikuwa anakoroga uji, mgongo mlangoni.

"Mia moja ishirini na tisa," Mutunga akasema, kabla ya salamu.

"Haya, Baba," Kavinya akasema. "Nawa mikono."